Mpando wa Kimya

Utotoni mwangu, enzi za Mdachi, tulikaa Gatete, na safari kubwa niliyoijua ilikuwa ya kwenda Rumonge kumtembelea Mama mdogo Zaituni, mdogo wake mama yangu. Nilikuwa na miaka saba au minane. Aliyenichukua ni bibi yangu Mwamvua, mama yao. Tulitoka alfajiri tukafuata ufuko wa ziwa, yeye na kibuyu cha mawese kichwani, mimi na kikapu kidogo cha mihogo, tukafika jua likiwa limeshapanda.

Wageni wengi waliofika Rumonge kwa mitumbwi waliijua barabara pana tu, ile iliyonyooka ambayo Mdachi aliwalazimisha watu kuichimba. Mtaa wa Mama mdogo hawakuujua. Ulianzia nyuma ya soko la samaki, ukapanda kilima kwa kupinda na kupinda tena, mwembamba hivi kwamba watu wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja alilazimika kupisha kwenye kibaraza cha watu. Nyumba za udongo zilibanana pande zote mbili, mlango wa hii ukiwa sawa na paa la ile ya chini yake. Waswahili wa mji waliuita Mpando wa Kimya.

Waliuita hivyo kwa sababu palikuwa hapasemwi. Kwenye kona ya tatu palikuwa na chemchemi ndogo iliyotoka chini ya jiwe, na wazee walisema chini ya jiwe lile amelala mwenye chemchemi, mwanamke aliyekuwapo kabla ya nyumba zote. Atakayesema njiani atamwamsha, naye akiamka huchukua sauti ya aliyemwamsha. Ndani ya nyumba watu waliongea kama kawaida, lakini wakishakanyaga njia, midomo ilifungwa. Wauza samaki hawakunadi, walibisha hodi kwa vidole. Hata askari wa Mdachi aliyekuja kutoa watu kwenda kazi ya barabara, mtu wa kutoka mbali aliyefoka kila mahali, pale alipanda kimya akigonga mlango mmoja mmoja kwa fimbo. Mimi niliupenda mtaa ule kwa sababu ileile iliyonitisha. Nilipanda nimeuma midomo, nikisikiliza nyayo zangu.

Siku ninayoisimulia, Mama mdogo alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza kufika mbali baada ya mbili kuharibika. Aliteremka kutulaki sokoni ingawa Bibi alikuwa amemtumia habari atulie nyumbani. Bibi alimgombeza kidogo, kisha akatuambia tutangulie, yeye anunue ndagala, wale dagaa wetu wa ziwa, halafu atufuate. Kabla hatujaondoka aliniinamia, akanishika kidevu.

"Mutoto wangu, huko juu usiseme kitu. Hata ukijikwaa."

Tulipita kona ya kwanza na ya pili. Karibu na chemchemi Mama mdogo alisimama, akashika ukuta. Nilidhani anapumzika. Kisha nikaona maji yanamtiririka miguuni na kulowesha vumbi, naye akapiga magoti polepole. Alivuta pembe ya nguo yake akaing'ata. Alinitazama akatikisa kichwa, nikaelewa ananikataza kusema. Njia ilikuwa tupu. Nilikimbilia mlango wa karibu nikaugonga, hakuna aliyeitika. Labda wenyewe walikuwa shambani. Nikagonga wa pili. Nilipogeuka, alikuwa amelala ubavu, ile nguo imemtoka mdomoni, na bado hatoi sauti.

Hapo nilipiga kelele. Niliita watu, nikamwita Bibi, nikaita mara nyingi, sikumbuki maneno. Nakumbuka tu jinsi sauti yangu ilivyozunguka kwenye zile kuta, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia.

Milango ilifunguka juu na chini. Wanawake watano au sita walikuja mbio, na mpaka leo jambo hili linanishangaza: hawakutamka neno. Mmoja alionyesha kwa mkono, mwingine akashika miguu, mwingine mabega, wakamwinua na kumwingiza katika nyumba ya familia moja ya Waarabu iliyokuwa pale konani. Walipovuka kizingiti tu, wote walianza kusema kwa pamoja. Mama mwenye nyumba alitandika mkeka wake wa wageni, akaagiza maji ya moto, na mkunga akaletwa kutoka nyumba ya juu. Mimi niliachwa kibarazani, nimejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, msichana, kitovu kimemzunguka shingoni. Bibi alikuwa ameshafika, anahema, samaki wake wamemwagika njiani. Nilimsikia mkunga akimwambia, "Mungelichelewa kidogo, tungezika wawili."

Watu walifurahi sana. Mwenye nyumba alinipa tende, nikazishika tu mkononi. Kila baada ya kitambo nilijificha pembeni nikanong'ona jina langu, kuona kama sauti ingali ipo. Bibi aliniona. Hakunigombeza, wala hakuniambia kwamba yale ni maneno ya bure. Aliniuliza tu nilikuwa nimesimama wapi nilipoita. Nikamwonyesha. Akaenda kusimama palepale, akalitazama lile jiwe.

Usiku ule tulilala kwa Mama mdogo, kule juu. Asubuhi yake Bibi alinishika mkono tukateremka mpaka kwenye chemchemi. Alikuwa amefunga unga wa mtama katika jani la mgomba. Aliunyunyiza juu ya jiwe, akasimama wima katikati ya njia, akasema kwa sauti yake yote, ile iliyokuwa ikiita watu wa kwetu kutoka bondeni:

"Aliyekuamsha jana ni mimi, Mwamvua. Huyu iko mutoto, hakusema kitu. Unishike mimi."

Watu walichungulia madirishani. Nilitaka kusema kwamba si kweli. Alinibana vidole, tukapanda.

Masika ya mwaka ule sauti ya Bibi ilianza kukwaruza. Alichemshiwa majani, akanyweshwa asali, mwalimu wa chuo cha Kurani akamsomea. Mvua hazijaisha, ikabaki mnong'ono. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, mpaka Mdachi akaondoka na Mbelgiji akashika mahali pake, na sauti haikurudi. Ukitaka kuzungumza naye ulisogeza sikio hadi mdomoni pake. Ndivyo nilivyokua. Mambo mengi ninayoyajua, ya kupika, ya kuishi na watu, ya kwao alikozaliwa, ng'ambo ya ziwa, yaliniingia pamoja na joto la pumzi yake.

Nilipokaribia kuolewa nilipata ujasiri wa kumuuliza kama ni mimi niliyemkosesha sauti. Alicheka bila kutoa mlio, mabega yakimtikisika, kisha akanivuta sikio.

"Mimi nilikuwa nimesema ya kutosha. Wewe ulikuwa hujaanza."

Mkwe wangu mmoja aliyesoma aliniambia kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa koo tu, huwapata wazee wengi, na ungempata hata kama hangekanyaga mtaa ule. Huenda. Sikumbishia. Lakini Bibi hakujua habari za koo. Asubuhi ile alipofungua mdomo aliamini kabisa kwamba anaitoa sauti yake, na alikuwa mtu aliyependa sana kusema. Angeweza kunicheka, au kuniamuru nisahau, na hofu ingebaki kwangu. Yeye aliichukua nzima nzima, akaenda nayo.

Yule msichana wa konani ana wajukuu sasa. Mimi nimelea watoto saba, na sijui kama nimewahi kumfanyia hata mmoja wao jambo kama lile. Nyakati nyingine, nikiwa peke yangu nyumbani, namshukuru Bibi. Namshukuru kwa sauti.