Rangi za Tangi la Mama

Mimi husema kwanza, nikafikiri baadaye. Mama alikuwa akinitania kwamba ulimi wangu ulizaliwa siku moja kabla yangu.

Soko huria lilipofunguka, mitumba ilimiminika Masasi, nami nikafungua studio ya picha karibu na stendi. Nilinunua kompyuta iliyochoka na kamera ndogo ya ulinzi iliyojua nyeusi na nyeupe tu. Lakini ndani ya kompyuta mlikuwa na programu iliyoivisha picha ya kamera rangi za uongo, papo hapo: penye giza buluu, kisha kijani, kisha njano, na peupe kabisa nyekundu. Wateja walijiona wana nywele za buluu na meno mekundu, wakacheka hadi kushika mbavu. Faida nyingine sikuijua.

Mwaka ule tangi la mama kule Newala, lililokinga maji ya mvua kutoka kwenye paa la bati, lilianza kuvuja. Newala tangi likikauka, unashuka bondeni na ndoo, unaipandisha kichwani, na magoti ya mama yalikuwa yamekwisha. Tangi lilijengwa na fundi jirani yetu, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Bila kumuuliza, nilisimama sokoni Newala nikatangaza kwamba amekula saruji ya mama yangu na kuubania msingi. Maneno hayana breki. Watu wawili waliokuwa wamempa kazi ya kujenga wakamwambia asiende tena, na mwashi asiyeaminiwa Newala ataaminiwa wapi?

Fundi alikuja kulikagua tangi mara mbili, hakuona ufa, kwa kuwa nilikuwa nimelipaka chokaa likang'aa. Kisha akasikia habari za kamera yangu, akanitumia ujumbe niilete.

Nilisafiri na kompyuta mapajani. Tukaazima jenereta, tukaweka mitambo barazani asubuhi, jua halijaufikia ukuta wa tangi.

"Shikamoo, fundi," nikasema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Washa."

Kwenye kioo cha kompyuta ukuta ulikuwa mwekundu wote. Mama akashtuka. "Nyumba yangu inaungua?"

Nikamweleza kwamba rangi hizo hazimo ukutani. Programu inachukua tofauti ya weupe ambayo jicho haliioni na kuipa rangi yake, na palipolowa huwa peusi zaidi kidogo kuliko pakavu. Fundi akaichukua kamera, akaipitisha polepole kwenye msingi, mahali nilipodai amebania saruji. Nyekundu tupu. Akapanda nayo juu. Mara ukatokea mstari wa kijani, ukawa buluu, nao ulianzia kwenye koki.

Tundu la koki ile nililitoboa mimi. Watu wa kule huchota kwa kamba kutoka juu, ili kila ndoo ikuonyeshe maji yaliyobaki. Mama aliikataa koki kwa sababu hiyohiyo. Nikamwambia dunia imebadilika, nikachukua patasi na nyundo. Maji yalikuwa yakipenya pembeni mwa bomba langu na kushuka ndani ya ukuta, chini ya chokaa yangu.

Nilitamani ardhi inimeze. Wakati huo majirani, walioitwa na ngurumo za jenereta, walikuwa wanaingia uani. Fundi aliwaona. Angeweza kuwaita waje watazame, na ingekuwa haki yake. Badala yake alivua koti lake akakifunika kioo.

"Bado tunatafuta," akawaambia.

Kisha akanitazama, bila hasira, akangoja. Nilishukuru kwa moyo wote, kwa kuwa nilielewa ananipa nini.

Nikaliondoa koti mwenyewe. Nikawaonyesha mstari wa buluu kwa kidole, nikasema kwa sauti ileile niliyoitumia sokoni, "Fundi hana kosa. Aliyeharibu tangi la mama ni mimi."