Salamu Kabla ya Mfumo Kuwaka

"Sasa binti, hivyo vipande vyenu vinajuanaje, mpaka vigomeane hivi?"

Aliyeuliza alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wauza mahindi pale Namanyere, mama mwenye koti zito la baridi. Nilikuwa na digrii ya kompyuta; nikageuka kumtazama bosi.

Tulikuwa watatu katika chumba kimoja mjini Sumbawanga, juu ya duka la pembejeo. Harufu ya mbolea ilipanda na ngazi, na mwezi wa sita upepo wa uwanda ulitufanya tuandike msimbo na vikombe vya chai vimebanwa katikati ya magoti. Bosi alikuwa kaka wa makamo, Mfipa, mpole. Mwenzangu alitoka kwenye familia ya wafugaji waliohamia kutoka kaskazini-magharibi, na bosi hakuacha kumchokoza kwamba kwao hata laptopu wanaipigia mluzi. Nimekaa ofisi nyingi tangu hapo, zenye viti vizuri zaidi. Chumba kile ndicho ninachokikumbuka.

Mfumo wa ghala tuliokuwa tunaujenga ulikuwa wa wavuti, na bosi aliugawa vipande vilivyojitenga, kila kimoja na faili lake: kurasa, hesabu za stoo, hifadhi ya data. Ukurasa haukuruhusiwa kujitengenezea zana. Ukihitaji hesabu za stoo, unaomba, na sehemu moja tuliyoiita mapokezi inaukabidhi. Mfumo ukiwaka, mapokezi hupita kwenye vipande vyote na kuandika nani anatoa huduma gani.

Lakini kabla ya mapokezi kuanza kazi, bosi alikuwa ameweka mistari ya salamu. Mfumo unakiita kila kipande kwa jina, "Shikamoo stoo," na kipande chenyewe kinajibu kwenye kumbukumbu za mfumo, "Marahaba." Basi.

"Inasaidia nini?" nilimuuliza.

"Ukiingia kwa watu unaanza na nini?"

"Hawa si watu, kaka."

"Ndiyo maana wanajibu haraka."

Niliuliza tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Sikupenda kitu kinachofanya kazi bila sababu. Mwenzangu yeye hakuuliza. Asubuhi ya kwenda Namanyere kuuonyesha mfumo, aliifuta ile mistari ili msimbo uonekane wa kitaalamu, akaona si jambo la kupima upya. Kikundi kile kikikataa, tungefunga chumba. Bosi alishatuambia wazi, na kodi ya mwezi ule alikuwa ameilipa kwa kuuza pikipiki yake.

Wanakikundi walikuwa wamekaa kwenye magunia. Ukurasa wa kwanza ulifunguka vizuri. Bosi akabonyeza stoo. Likatokea kosa: huduma hiyo haijasajiliwa. Akabonyeza tena. Mzee mmoja akasema kwa upole kwamba daftari lake halijawahi kumkatalia. Wakacheka.

Bosi hakupandisha sauti. "Nani kagusa nini?"

"Nimetoa salamu tu, bro," mwenzangu alisema. "Kompyuta haina wakwe."

"Rudisha."

Akairudisha mistari ile. Mfumo ukawaka upya, stoo ikafunguka, magunia yote ya msimu yakajipanga kwenye kioo. Hapo ndipo mwenyekiti alipouliza swali lake, akinitazama mimi, mwanamke mwenzake. Bosi aliniokoa.

"Walikuwa hawajasalimiana, mama."

"Ee, hapo wana haki ya kununiana," mwenyekiti alisema. Wakatukubali.

Kwenye basi la kurudi, mwenzangu akila mahindi ya kuchoma, nilimbana bosi. Kwa nini salamu inafanya kazi? Alitazama mashamba ya ulezi yaliyokwisha kuvunwa, kisha akasema hajui. Alipokuwa anajifunza, mfumo ulimgomea hivyohivyo, akaweka mistari ile ili tu aone kipande kipi kipo hai, ukakubali. Hakuthubutu kuitoa tena. Nilichukia jibu lile njia nzima. Leo ningelipa nauli nilisikie tena, kwa sauti yake, na mwenzangu akitema maganda dirishani.

Chumba kilidumu misimu michache zaidi, kisha kila mtu akapata kazi kwingine. Nilikuwa tayari mji mwingine, nikirekebisha mfumo wa watu nisiowajua, nilipokutana na kosa lilelile na safari hii nikasoma mpaka mwisho. Programu ya aina ile haipakii kipande, yaani haikiingizi kazini, mpaka msimbo ukiguse kwa mara ya kwanza, na mapokezi yetu yalikuwa yakitafuta huduma kwenye vile vilivyokwisha kupakiwa tu. Shikamoo ya bosi ndiyo iliyokuwa ikivigusa.