Muuaji Aliyechaguliwa na Mjomba

Walisema sitamaliza masika moja. Walisema mtu aliyekaa Dar es Salaam miaka tisa, akarudi Ikwiriri na begi la nguo na cheti, hawezi kuendesha hata genge la nyanya, sembuse banda la video. Wengine waliniuliza, watu wote wana simu, nani atatoka kwake aje kutazama filamu kwangu? Niliwajibu kwamba kwenye simu zao mimi simo. Nina stashahada ya uandishi wa habari, nina sauti, na Kiingereza nakielewa kabla mwigizaji hajafunga mdomo. Ningesimama kando ya runinga na kipaza sauti, nitafsiri kila neno.

Ila sauti ndiyo kitu pekee kilichokuwa changu. Runinga ilikuwa ya mjomba. Viti vilikuwa vya mama mmoja anayekodisha viti vya harusi. Chumba kilikuwa ghala la mnunuzi wa ufuta, aliyeniazima mpaka msimu. Hawakunidai kodi. Walitaka kuingia bure, na waliingia kila siku baada ya swala ya alasiri, wakakaa mstari wa mbele, magoti yao yakigusa meza ya runinga. Mimi nilibanwa kati yao na ukuta, mahali pa kutosha miguu miwili. Nikitaka kutoka ilibidi niwaombe wasimame.

Nilikuwa naonyesha hadithi za zamani za upelelezi, zile ambazo watengeneza filamu wa kila kizazi huzirudia. Msimamo wangu haujabadilika: toleo zuri ni lile ambalo mpelelezi anakaa kitini na kuuliza maswali. Matoleo mapya yanamrusha juu ya mapaa na kumpa bastola, kwa sababu mtengenezaji anaogopa tutachoka. Kosa kubwa kuliko hilo ni kutia staa mahali pasipohitaji staa.

"Muuaji yule pale," mama wa viti alisema siku moja, filamu haijafika popote.

"Mama, hata maiti haijapatikana."

"Mwanangu, staa mkubwa vile alipwe aje kumimina chai tu? Ngoja."

Kweli akawa yeye. Ilinikera, na ilinikera zaidi kwamba mama yule hakukosea hata mara moja.

Kisha ikaja filamu niliyoitangaza sokoni siku tatu. Staa aliyecheza mpelelezi, siku zile zile, alikuwa kwenye simu ya kila mtu: ilisemekana amemfukuza mama yake mzazi nyumbani. Mimi habari ya simu siimezi nzima. Na hata ingekuwa kweli, mwigizaji kwangu ni kama seremala. Natazama mlango umekaa sawa, siulizi kama fundi anawasalimu wazazi wake.

Mjomba hakukubali. "Mtu amemtoa mama yake nje, leo anifundishe mimi haki? Hapana, mpwa wangu. Mwishoni awe yeye ndiye aliyeua."

"Mjomba, filamu imeshatengenezwa."

"Si wewe unayetafsiri? Basi tafsiri. Au nichukue runinga yangu niondoke."

Mama wa viti akacheka. "Mtii mjomba wako. Hata viti vyangu vimechukia."

Nilitazama mlango. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya magunia, na wote walikuwa wamelipa. Nikatii. Mpelelezi aliposema ameokota glovu chini ya kitanda, mimi nikasema ameificha. Alipomhoji mjane, nikasema anamtisha. Nilifanya kazi ile kwa ustadi, na sidhani kama kuna mwingine kutoka Kibiti mpaka Ndundu angeiweza. Shida ikawa mwisho. Askari walimfunga pingu mtunza bustani, na mpelelezi akapewa mkono wa pongezi.

"Wamemwonea!" nikapaza sauti. "Askari wamehongwa!"

Ghala likalipuka kwa kelele. Watu walitaka sehemu ya pili, mtunza bustani atoke jela. Nitaitoa wapi? Mwalimu mstaafu aliyekaa nyuma, anayejua Kiingereza, aliinuka polepole.

"Kijana, stashahada yako ilikuwa ya kutafsiri au ya kutunga?"

Maneno yote ya waliosema nitashindwa hayakuniuma kama lile. Tangu kesho yake nikawa naingia ghalani asubuhi, najifunika blanketi kichwani kuzuia kelele za malori, narekodi tafsiri zangu juu ya filamu, neno kwa neno, pasipo mtu wa kuniamuru. Jasho lilinitoka kama ninayepikwa. Wenye mabasi walizinunua, maduka ya Kibiti yakazinunua, hata Mbwara walizitaka. Kabla ya msimu wa ufuta nilikuwa na runinga yangu, mabenchi kutoka kwa fundi, na chumba karibu na stendi.

Nilirudisha vyote siku moja. Mnunuzi wa ufuta alipata ufunguo na ghala lililofagiliwa. Mama alipata viti vilivyooshwa kwa sabuni, na vile vilivyovunjika nilimnunulia vipya. Runinga niliipeleka mwisho, nimeikumbatia nyuma ya bodaboda.

Mjomba aliifuta vumbi kwa mkono. "Sasa mimi nitatazama wapi?"

"Hapa hapa, mjomba. Imerudi."

"Hii haitafsiri."

Alasiri hiyo niliirudia filamu ile ile, nikamwacha mpelelezi awe mpelelezi mpaka mwisho. Mjomba alikuja, akalipa mlangoni kama watu wengine, akakaa benchi la tatu, akanuna tangu mwanzo mpaka taa zilipowashwa.