Mwalimu Klachi Akaa Kiti cha Nyuma

Mtu aliyefundisha nusu ya mji kuendesha gari alishindwa kumfundisha mke wake. Miaka tisa iliyopita alimpa somo moja tu, dakika kumi na tano za "Klachi! Klachi! Nimesema klachi!" mpaka mama wa watu akazima gari katikati ya barabara, akashuka na kurudi nyumbani kwa miguu. Wanafunzi walikuwa wameshambandika jina la Mwalimu Klachi kabla ya hapo. Siku ile mkewe alimwongezea mengine, ambayo hayaandikiki.

Kumbe mwaka huu mke alikwenda kimya kimya kujifunza kwa mwalimu mwingine, akafaulu, akaja kuiweka leseni mezani kando ya kikombe cha mumewe.

"Jumamosi tunakwenda kule hifadhi ya mlimani, kama tulivyomwahidi mtoto," alisema. "Naendesha mimi, kwenda na kurudi. Ukinifokea, au ukinishikia chochote, nashuka, na leseni hii sitaigusa tena. Nitajua kweli siwezi."

Mwalimu alikubali. Lile somo lilikuwa limemkaa moyoni miaka yote, na hajawahi kuomba radhi sawasawa. Hakuwahi kumtakia mwanafunzi yeyote kufaulu kama alivyomtakia mkewe Jumamosi hiyo.

Kiti cha mbele alipewa mama mkwe, kwa heshima yake. Mwalimu alibanwa nyuma na binti yake wa miaka kumi pamoja na kapu la chakula. Sasa, gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa mwalimu, na mguu ulioikanyaga miaka ishirini na miwili haukuwa na habari kwamba leo haipo. Kona ya kwanza, ukakanyaga. Lori lilipotokea mbele, ukakanyaga tena, safari hii kwa nguvu zote.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema bila kugeuka, "nimekukosea nini? Mbona mateke mgongoni?"

"Nisamehe, mama. Ni mguu tu."

"Basi uambie mimi si breki."

Binti alicheka mpaka akapaliwa. Mwalimu alivua viatu, akakunja miguu kitini, akatulia kwa aibu.

Walipopita geti la hifadhi, barabara ilianza kuuzunguka mlima, msitu huku, bonde kule. Penye mwinuko mkali kuliko yote, kundi la nyani likaingia barabarani na kukaa, wakitoana chawa kama wako sebuleni kwao. Mke akasimamisha gari. Gari jingine likaja kusimama nyuma yao, karibu mno.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wa Mwalimu walipokuwa wakifelia, kuondoa gari kwenye mwinuko bila kurudi nyuma. Nyani waliponyanyuka, mke akatia gia, na gari likateleza nyuma kiasi cha hatua moja. Mkono wa Mwalimu ulishapenya kati ya viti, vidole viko shubiri moja tu kutoka breki ya mkono. Ndani ya kioo akakutana na macho ya mkewe yakimtazama.

Akaurudisha mkono, akaukalia. Mke akavuta breki mwenyewe, akaachia klachi taratibu mpaka sauti ya injini ikazama, kisha akaishusha breki. Gari likapanda.

Juu kule walikula mayai na mikate huku mawingu yakipita chini yao, na binti akipiga kelele kwa furaha. Mwalimu alitaka kumsifu mkewe, akaogopa sifa zisije zikatoka kama somo. Akammenyea yai.

Mwalimu alipofungua macho, gari lilikuwa limesimama uani kwao na jua linazama. Shingo ilimuuma, mate yamemchuruzika hadi kwenye kola. Mama mkwe na binti walikuwa wameshaingia ndani. Sahani zilisikika jikoni. Mteremko wote, kona zote, barabara kuu nzima, hakuona hata kimoja.

Mkewe alikuwa bado ameshika usukani wa gari lililozimwa, analia na kucheka kwa pamoja.

"Umelala," alisema. "Mwalimu mzima, umelala kwenye gari ninaloendesha mimi."