Goti la Kinuyo na Kidole cha Sita

Wifi yangu Kinuyo alikuwa radhi afe na tai shingoni. Tangu aolewe na kaka yangu, miaka arobaini na mitatu sasa, sijamsikia akisema anaumwa. Alipojifungua mtoto wa kwanza alimwomba mkunga radhi kwa usumbufu.

Kazi yake ni kufundisha chai. Msicheke. Hapa kwetu Hadano chai ya unga wa kijani ina darasa na ina vyeti, na mwalimu huipika amepiga magoti juu ya mkeka, amekalia visigino, saa nzima bila kujitikisa. Kinuyo kapiga magoti hivyo tangu ana miaka kumi na tisa. Alipofika sitini na nane, gegedu la goti la kulia, lile linalozuia mfupa usisagane na mfupa, lilikuwa limekwisha. Akiinuka, goti lilisikika chumba kizima, na wanafunzi wakajifanya wanatazama dirishani. Mwanafunzi wake mkubwa, Bi Mizue, alishaanza kumuuliza kwa upole kama mwalimu hachoki. Upole wa namna hiyo naujua mimi. Siku Kinuyo atakaposhindwa kuipika chai ya kwanza ya mwaka, darasa ni la Mizue.

Hospitali kubwa ya mji wa jirani ilikuwa inajaribu tiba mpya. Watoto wengine huzaliwa na vidole sita. Cha sita kikikatwa, na wazazi wakiridhia kukitoa, wataalamu huchukua seli za gegedu lake, wakazikuza kwenye visahani mpaka zikawa utando mwembamba, kisha wakautandaza ndani ya goti la mgonjwa. Kidole kimoja cha kichanga kinatosha magoti ya wazee wengi. Niliposoma habari hiyo gazetini nilicheka, kisha nikachukua mkasi nikamkatia wifi.

Nafasi zilikuwa chache, za wenye maumivu makali tu. Daktari Asakura, kijana wa watu aliyekuwa akimchoma sindano za goti mwaka mzima, akatoa fomu yake ya kupima maumivu. Sifuri huumwi, kumi huwezi kuvumilia. Kinuyo akainamisha kichwa akasema kwa hisani ya daktari ni moja tu. Ngazi je? Anapanda. Usingizi? Analala vizuri sana, ahsante. Nami nimekaa pembeni, mimi niliyemsukuma makalio asubuhi ile ndipo akapanda basi.

Tulipotoka nilimuuliza kama ana wazimu.

"Nimwambie inauma, wakati mtoto wa watu kahangaika na mimi mwaka mzima?" akasema. "Si nitakuwa namlaumu?"

Nikamwambia mficha maradhi, kifo humuumbua. Akaniambia nipunguze sauti.

Wiki mbili baadaye daktari alituita, uso umemkunjuka. Alikuwa na furaha kutuarifu kwamba kwa majibu yake hali ya mama ni nzuri mno, hastahili tiba ile. Kinuyo akatabasamu. Na kwa kuwa shukrani ya nusunusu kwake ni tusi, akaweka mkoba chini, akapiga magoti kwenye sakafu ya hospitali, viganja chini, paji la uso chini. Daktari wa watu akaona haya, akainama naye. Kinuyo hakuinuka. Daktari akadhani ni heshima imezidi, akazidi kuinama. Walikaa hivyo, mmoja chini mmoja juu, mpaka nikaona jasho linadondoka sakafuni.

"Daktari," nikasema, "huyo hashukuru tena. Kakwama."

Daktari na wauguzi wawili wakamwinua. Kisha akaichukua upya ile fomu, na safari hii akaniuliza mimi. Nikamwambia aandike tisa, na wifi akibisha aandike kumi. Kinuyo hakusema nami wiki tatu, lakini jina lake likaingia.

Walimpasua mwezi Machi. Kufika Novemba alipanda kilima cha Kobo bila mkongojo, mimi nyuma nahema. Desemba, akimkagua, daktari akamuuliza kwa mazungumzo tu ataanza kufanya nini na goti jipya. Akasema atapiga magoti kwenye mkeka na kupika chai.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, tembea, panda milima. Kukalia visigino, hapana. Utalisaga hili kama ulivyolisaga lile."

Makubwa! Fomu yao iliuliza ngazi, basi na bafu, haikuuliza magoti, na Kinuyo si mtu wa kujibu asichoulizwa. Na mimi mwenye mdomo wangu nilidhani wanajua. Nilikasirika nikataka kulia. Yeye aliuliza jambo moja tu, mtoto mwenye kidole ni nani, maana kwetu ukipewa kitu sharti urudishe chenye thamani ya nusu yake. Daktari akasema hiyo ni siri, hata yeye hajui. Kwenye basi nikamtania, nusu ya kidole ni kiasi gani? Hakucheka.

Nilikuwa na hakika atapiga magoti. Aliyelimaliza goti la kwanza bila kulalamika ataogopa nini kulimaliza la pili?

Siku ya chai ya kwanza wanafunzi walijipanga na kimono zao, Mizue karibu kabisa na jiko, tayari kupokea kazi. Kinuyo akaingia na meza, akatoka, akarudi na kiti. Chai ya mezani ipo na inaruhusiwa, ila yeye miaka yote aliiita chai ya wageni wasiojua kupiga magoti. Akakaa kitini.

"Mwalimu," Mizue akauliza, upole ukimdondoka, "kwani goti halijapona?"

"Limepona," Kinuyo akasema. "Lile la kwanza lilikuwa langu, nikalisaga nilivyotaka. Hili ni la mtoto wa watu. Yuko mahali anakua, na mimi sina cha kumrudishia."

Akachota maji ya moto, mkono umetulia. Niliinamia bakuli langu wasinione ninavyolia. Kisha akatuambia sote, na Mizue akiwemo, tukalete viti.