Bakuli la Uji

Asubuhi za mwisho wa kiangazi hapa Kasongo zina baridi na ukungu, na mwanangu mdogo alikuwa ameshikwa na kifua. Tangu juzi alikataa kula. Nilimbembeleza kwa uji wa mchele wenye asali, akafunga mdomo na kugeuza uso. Nikaanza kuogopa.

Dada yake, ambaye hata meno ya mbele hana, aliketi karibu na moto akipakata gunzi la muhindi alilolivika kitambaa. Akavuta bakuli, akalipelekea gunzi kijiko.

"Kunywa, mutoto wangu. Baba iko njiani, anatoka Nyangwe. Akikuta umekonda, atanigombeza mimi."

Mgonjwa akalitazama gunzi, kisha bakuli. Akatambaa kutoka mkekani.

"Huyu hana mdomo!" akafoka. "Uji iko yangu!"

Akanywa wote, akadai mwingine. Mama mkwe, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Mimi nilijifuta macho nikisingizia moshi.

Jioni mume wangu alifika, na wanaume wakajaa barazani na habari za misafara na vita. Walipoondoka akaniuliza kama nyumbani nako kuna habari.

"Iko," nikamwambia, "tena kubwa kuliko zao. Mutoto amemaliza uji."