Sahihi Juu ya Jalada la Santuri

Miaka yangu mingi ya kazi nimeipitisha nikiangalia sahihi za watu. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha ipo Tunduma, hatua chache tu kutoka foleni ya malori, na meza yangu haikosi ankara, orodha za mizigo na barua za idhini. Dereva akisaini kwa niaba ya bosi wake bila ruhusa, mara nyingi namgundua kabla sijafika chini ya ukurasa. Nyumbani nina kabati zima la santuri nilizorithi kwa baba. Kwa sababu ya mambo hayo mawili, mtu mwenye kitu kilichosainiwa na mwanamuziki wa zamani huelekezwa kwangu. Si kazi rasmi. Anakuja, nachungulia, namwambia ninavyoona.

Jumanne moja asubuhi alikuja mama mmoja kutoka Mbozi, mkulima wa kahawa, umri wa mama yangu mzazi. Alikuwa amebeba jalada la santuri amelizungushia taulo. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikamwagizia chai.

"Nimeambiwa wewe unajua maandishi ya watu, mwanangu," alisema. "Niangalizie hili. Ni la marehemu mume wangu."

Lilikuwa jalada la bendi moja ya upande wa Zambia, ambayo zamani ilikuwa ikivuka mpaka mara kwa mara kuja kupiga dansi kwetu. Wanaume sita wamesimama na vyombo vyao, suruali pana, nywele zimechanwa juu. Chini ya picha, kwa kalamu ya wino wa bluu, paliandikwa jina la mwimbaji wao.

Nilifurahi, kwa sababu nilikuwa na sahihi yake ya kweli. Mwaka wangu wa pili kazini, bendi hiyohiyo ilipitishia vyombo vyake ofisini kwetu. Mwimbaji alisaini fomu ya magitaa na spika mbele ya macho yangu, na mimi kwa ushabiki nikajiwekea nakala ya kaboni. Nikaitoa kwenye droo, nikaiweka kando ya jalada.

Hazikufanana. Kwenye fomu, mkono ulikuwa umekimbia. Herufi zimelala na zimeshikana mpaka mwisho. Kwenye jalada, herufi zilisimama wima, na kalamu ilikuwa imeinuliwa mara tatu, kama ya mtu anayenakili. Sikuhitaji hata dakika tano. Nilijiona fundi.

"Pole, mama. Hii si sahihi yake. Kaandika mtu mwingine."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi shemeji yangu alisema kweli," akasema, akaanza kulizungushia tena taulo.

Nikamuuliza shemeji alisema nini. Akanieleza akiwa ameshasimama. Walipokuwa vijana, yeye akiwa na mtoto wa wiki tatu, mumewe aliondoka Jumamosi asubuhi na baiskeli kwenda Tunduma kuiona bendi. Aliahidi kurudi kesho yake. Akarudi Jumatatu, na jalada hili mkononi. Alisema mwimbaji aliugua, dansi likasogezwa mpaka Jumapili.

"Nikamwuliza, mgonjwa anasainije majalada ya watu? Tena jirani yetu alikuwa Tunduma Jumamosi ileile, akasema ukumbi aliukuta umefungwa. Watu wakaanza kuniambia kuna mwanamke huko. Mwaka huu, siku ya kumaliza matanga, shemeji akacheka mbele ya watu wote, akisema kwamba kaka yake alijisainia mwenyewe, ili apate la kuniambia."

Chai hakuigusa. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amekuja kuuliza habari za mume wake, na mimi nilikuwa nimemjibu habari za mwimbaji.

Kwa bahati nilikuwa nimelipiga picha jalada kwa simu. Mchana, kazi ilipopungua, nikaikuza picha ile, na ndipo nikaona kitu ambacho asubuhi nilikidharau. Wino ulikuwa umeburuzwa kidogo kuelekea kulia, kila herufi imeacha kivuli. Asubuhi nilidhani ni uzee wa karatasi. Lakini tuna dereva mmoja anayeandika kwa mkono wa kushoto, na fomu zake zote huwa chafu namna hiyo, maana mkono wake hufuata nyuma ya kalamu na kupita juu ya wino mbichi.

Nikampigia yule mama. "Samahani mama, mzee alikuwa anaandika kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Kwani kuna nini?"

"Hata kulima, kula?"

"Kila kitu kulia. Mwanangu, kuna nini?"

Mwimbaji naye alikuwa amesaini mbele yangu kwa kulia. Nikarudi kwenye picha ya wale wanaume sita. Watano walikuwa wa kawaida. Wa sita, mpiga besi, gitaa lake lilielekea upande tofauti na la mpiga gitaa mwenzake. Alikuwa analipiga kwa kushoto.

Sikumwambia mama mengi. Nilimwomba tu aje tena Jumamosi, na jalada lake. Katikati ya wiki nikawauliza watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ninaofanya nao kazi, nao wakaniambia mpiga besi yule bado yu hai, yupo hukohuko Nakonde, anawafundisha wanakwaya gitaa.

Jumamosi tulivuka wawili, mimi na mama. Tulimkuta mzee ameketi uani kwake, anabadilisha nyuzi za gitaa.

"Mulishani, bashikulu," nilimsalimu kwa Kibemba, salamu ya kumwita babu. Akaitikia, kisha akatugeuzia Kiswahili cha mpakani na kutuletea viti mwenyewe.

Mama alifungua taulo bila kueleza lolote. Mzee akalishika jalada, akalisogeza mbali na macho, akalisogeza karibu. Kwanza alitabasamu kwa kujiona kijana. Halafu tabasamu likamtoka.

"Huu mkono ni wangu," alisema.

Hakuna aliyemhimiza. Aliendelea mwenyewe. "Mwimbaji wetu alikuwa na malaria safari ile. Amelala ndani ya basi, hata kukaa hawezi. Watu wamejaa dirishani na majalada yao, wengine wametoka mbali. Kiongozi wa bendi akaniambia, wewe una mwandiko mzuri, wasainie humuhumu ndani, wasione. Nikasaini mengi. Mama, niliwadanganya watu, na jambo hilo sikuwahi kulisahau."

"Sijaja kukushitaki," mama alisema. "Niambie kitu kimoja tu. Dansi lilipigwa siku gani?"

"Lilikuwa la Jumamosi. Tukalisogeza Jumapili, alipopata nafuu kidogo. Waliotoka mbali walilala palepale nje ya ukumbi, wakisubiri."

"Mume wangu alikuwa na baiskeli."

Mzee akatikisa kichwa. "Sitakudanganya mara ya pili. Wengi walikuwa na baiskeli. Simkumbuki."

Mama aliinamisha uso, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Hakulia kwa sauti. Mzee akabaki ameshika jalada kama mtu asiyejua pa kuliweka. Mwishowe mama akalichukua, akaomba kalamu kwangu, akampa.

"Andika jina lako," alisema.

"Jina langu halina maana kwa mtu, mama."

"Kwangu lina maana. Wewe ndiye uliyemwandikia."

Akaandika pembeni ya picha yake, polepole, na kwa mara nyingine wino ukaburuzika.

Tukiwa tunarudi kwa miguu, mama aliniambia kwamba baada ya Jumatatu ile alikaa miezi akimpikia mumewe bila kumkaribisha chakula. Anaweka sahani, anaondoka. Mumewe hakuwahi kugomba. Alikuwa akila peke yake. Baadaye walipatana kwa sababu ya watoto na kazi za shamba, lakini jambo lile hawakulizungumza tena.

Nilimwomba radhi kwa jibu langu la Jumanne.

"Ulisema kweli," alinijibu. "Ila ulisema upesi."

Baada ya wiki mbili alinipigia. Shemeji alikuwa amefika kwake, akaonyeshwa jalada na kuelezwa yote.

"Akasemaje?" nilimuuliza.

"Akasema basi kaka yake alitapeliwa. Nikamwambia ndiyo, alitapeliwa, na mwongo hakuwa." Nilisikia vyombo vikigongana nyuma ya sauti yake. "Nikamkaribisha chakula, tukala."